Yakobo, Mjomba Labani na Barua ya Kuacha Kazi



Somo la leo liko Mwanzo, sura ya 29 hadi ya 31. Ni sura tatu tu. Zisome kwanza, hata kama ni kwenye daladala, maana tutazirudia sana humu.

Mwezi uliopita, baada ya kikao chetu cha VIWAWA parokiani hapa Morogoro, kijana mwenzetu mmoja alinivuta pembeni. Ameniruhusu niandike habari yake bila jina. Ni mtunza ghala kwenye kampuni inayouza vifaa vya ujenzi, yuko pale mwaka wa nne sasa. Alikuwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilitoka kwa bosi wake: wanataka kumpandisha awe mkuu wa ghala, awe na vijana watatu chini yake, mshahara 700,000. Ya pili ilitoka kampuni nyingine ya Dar es Salaam: huko atakuwa mtunza ghala wa kawaida, hana wa kumtuma, ila mshahara ni 900,000.

"Kaka, nichukue ipi? Cheo au hela? Nimesali wiki nzima sijasikia kitu."

Kiukweli nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza. Nilimwambia tukutane tena Jumamosi, aje na slipu yake ya mshahara na Biblia. Akacheka, akidhani natania.

Kuongelea mshahara si kukosa imani

Tuanze na jambo linalowasumbua wengi wetu kimoyomoyo. Kijana Mkatoliki akianza kusema mshahara hautoshi, anajisikia kama ametenda dhambi. Na nyumbani anaambiwa, "Wenzako wanatembea na bahasha juani miaka mitatu, wewe una kazi halafu unachagua?" Basi ananyamaza, anaendelea kukopa kila tarehe 10.

Sasa mwangalie Yakobo. Amefika Harani amekimbia nyumbani, hana kitu, anafikia kwa mjomba wake Labani. Anaanza kazi za mifugo. Hii hali tunaijua: unakaa kwa ndugu, unakula kwake, unamsaidia dukani, na mshahara hautajwi kwa sababu "wewe si mtoto wa nyumbani?" Ajabu ni kwamba Labani mwenyewe ndiye anayeanzisha mazungumzo. Katika Mwanzo 29:15 anamwuliza mpwa wake kama undugu ni sababu ya kumfanyia kazi bure, na anamtaka ataje ujira wake. Swali zuri, ingawa aliyeuliza alikuwa mjanja. Wakakubaliana miaka saba kwa ajili ya Raheli, na asubuhi baada ya harusi Yakobo akakuta amepewa Lea. Ikabidi aongeze mingine saba.

Baada ya miaka hiyo 14 Yakobo anasema neno ambalo mimi huwa naliona ni la mtu mzima kabisa (30:30). Anamkumbusha Labani kwamba mifugo yake ilikuwa michache na sasa imekuwa mingi, kisha anauliza: na mimi nyumba yangu nitaihangaikia lini? Hatukani, halalamikii nyuma ya mgongo. Anataja kazi aliyofanya, anataja mzigo alio nao, halafu anataja malipo anayotaka.

Kanisa halijawahi kuliona hilo kuwa ni tamaa. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, aliandika kwamba ujira unapaswa kutosha kumtunza mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi. Katekisimu namba 2434 inakwenda mbele zaidi: kumnyima mtu ujira wake wa haki ni dhuluma kubwa, na kwamba eti pande mbili zilikubaliana, hilo peke yake halitoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Tafakari hapo. Mwenye njaa anasaini chochote. Saini yake haimsafishi aliyemwandikia karatasi.

Kwa hiyo ndugu yangu, laki mbili za ziada si jambo la kuonea aibu mbele ya Mungu. Ila ni za kuhesabiwa.

Laki mbili zilivyoyeyuka

Katika Luka 14:28 Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara: anakaa chini kwanza, anapiga hesabu. Tulikaa chini kweli, chini ya mwarobaini nyuma ya ukumbi wa parokia, simu ikiwa kikokotoo.

Huyu kijana alisoma ununuzi na ugavi kwa mkopo wa Bodi, kwa hiyo anakatwa asilimia 15. NSSF anakatwa asilimia 10. Kisha kodi, tukatumia viwango vya Bara vilivyoanza Julai 2021. Mshahara wa 700,000: NSSF 70,000, kodi 42,000, Bodi 105,000, anabaki na 483,000. Mshahara wa 900,000: NSSF 90,000, kodi 80,500, Bodi 135,000, anabaki na 594,500. Zile laki mbili zimebaki 111,500.

Tukaendelea. Morogoro chumba analipa 60,000, Dar ameulizia akaambiwa 120,000 (na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, hilo tuliliweka kiporo). Morogoro anakwenda kazini kwa baiskeli. Dar atapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja, siku 26 kwa mwezi: 62,400. Ukitoa tofauti ya kodi ya chumba na hiyo nauli, mshahara mkubwa unamwacha na upungufu wa 10,900 kuliko ule mdogo.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nahama ili niwe maskini zaidi."

Nikamwambia asikimbilie huko pia. Ile 30,000 ya ziada ya Bodi haijapotea, deni linaisha mapema. Michango ya NSSF inayokua ni akiba yake mwenyewe. Halafu kule Dar ghala lote linaendeshwa kwa programu ya kompyuta, na huku bado wanaandika kwenye daftari la kaunta. Ujuzi huo hauonekani kwenye slipu ya mwezi huu. Nilichotaka aone ni kwamba swali lake la "cheo au hela" lilikuwa halijakamilika. Kwenye hela hakuwa anajua ni hela kiasi gani. Na kwenye cheo, je?

Cheo kina kikombe chake

Mama wa wana wa Zebedayo (Mathayo 20:20 na kuendelea) alimwendea Yesu kuombea wanawe vyeo, mmoja kuume, mwingine kushoto. Wahubiri wengi humsema sana mama huyu. Mimi namwonea huruma, ni mama kama mama zetu. Tazama Bwana alivyomjibu: anawageukia vijana wenyewe na kuwauliza kama wanaweza kukinywea kikombe atakachokinywea yeye. Yaani kabla ya kiti, kikombe. Wale kumi wengine wakakasirika, na nina wasiwasi walikasirika kwa sababu wao walichelewa kuomba.

Nilimwuliza kijana wetu: mkuu wa ghala aliyekutangulia aliondokaje? Hakuwa anajua. Nikamwambia aulize, taratibu, bila kuzua maneno. Alipouliza akaambiwa na mzee mmoja wa pale kwamba yule bwana alikatwa mshahara miezi kadhaa kwa ajili ya saruji iliyopungua, saruji ambayo huenda ilikuwa imepungua hata kabla hajakabidhiwa. Akachoka, akaondoka.

Rudi sasa kwa Yakobo, 31:39. Anamwambia Labani usoni kwamba mnyama aliyeraruliwa na wanyama wa porini hakumpelekea yeye hasara, aliilipa mwenyewe, na aliyeibwa mchana au usiku alidaiwa yeye. Ukisoma Kutoka sura ya 22, Torati iliyokuja baadaye inasema mchungaji akileta mabaki ya mnyama aliyeraruliwa kama ushahidi, halipi. Kwa miaka 20 Yakobo alibebeshwa hasara isiyokuwa yake. Alikuwa na cheo, jamani! Mifugo yote ya Labani ilikuwa mikononi mwake. Jua la mchana lilimchoma, baridi ya usiku ikamnyima usingizi, na bado ujira ulibadilishwa mara kumi.

Ukipewa cheo, soma kinachobebwa na cheo hicho. Nani anasaini? Kikipungua kitu nani anaulizwa? Mamlaka ya kuzuia upotevu unayo, au unayo lawama peke yake? Hata sheria ya kazi hairuhusu mwajiri akukate fidia ya hasara bila kukupa nafasi ya kujieleza. Wengi hatujui, tunakatwa tunanyamaza.

Kuna upande mwingine wa cheo ambao tunausahau kabisa, nao ni wale vijana watatu. Papa Yohane Paulo II katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, Laborem Exercens, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi, na kwamba thamani ya kazi inapimwa kwanza kwa yule anayeifanya. Basi ukiwa mkuu, watu walio chini yako wanakuwa sehemu ya wito wako. Kijana wetu aliwaza kadi ya jina na kiti cha kuzunguka. Nilipomwuliza atawafanyia nini wale watatu, aliniambia kwa uaminifu, "Sijawahi kuwawaza."

Uso wa Labani umebadilika, usiondoke leo

Mwanzo 31:2: Yakobo aliuona uso wa Labani, si kama jana na juzi. Huo uso tunaujua. Bosi hajibu salamu, umeitwa kwenye kikao ukafokewa mbele ya wageni, mwenzako uliyemfundisha kazi amepandishwa wewe umebaki. Usiku huo huo unafungua simu, unaandika barua ya kuacha kazi kwa herufi kubwa.

Yakobo hakuondoka siku aliyouona uso. Mungu alisema naye, na yeye akafanya jambo moja zaidi: akawaita Raheli na Lea waje kule malishoni, akawaeleza yote, akasikiliza jibu lao. Aliwaita malishoni, mbali na masikio ya nyumbani kwa Labani. (Wewe unaliweka kwenye grupu la WhatsApp la ofisi.)

Mtakatifu Inyasi wa Loyola ametuachia kanuni inayofanana na hilo: roho ikiwa katika ukavu na giza, usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa katika utulivu. Inyasi hakujifunza haya darasani. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu kwa risasi ya mzinga kule Pamplona, akalazwa muda mrefu. Akiwa kitandani aliota ndoto za mchana za aina mbili: siku nyingine anajiona shujaa mwenye sifa, siku nyingine anawaza kuishi kama watakatifu aliokuwa anawasoma. Zote zilikuwa tamu wakati anaziwaza. Tofauti ilikuja baadaye. Za sifa zilimwacha mkavu, zile nyingine zilimwacha na furaha. Na alifundisha kwamba anayechagua ajitahidi kuwa kama mizani ambayo haijaegemea upande wowote, mpaka aone ni upande upi unamtukuza Mungu zaidi.

Mizani ya kijana wetu ilikuwa imeegemea. Kwa hiyo nilimpa zoezi linalotumiwa sana na walezi wa kiroho. Siku tatu aishi kana kwamba ameshakubali kuwa mkuu wa ghala: aamke hivyo, apange hivyo, asali hivyo. Siku tatu nyingine kana kwamba ameshakubali Dar. Kila jioni aandike mstari mmoja, moyo umebaki na nini. Asimwambie mtu, isipokuwa mama yake.

Siku za kwanza tatu, asubuhi alikuwa juu. Alijiona anaitwa bosi. Jioni aliandika "saruji" mara mbili. Siku za Dar asubuhi aliogopa: jiji, chumba kipya, kuanza tena kuwa mdogo. Jioni aliandika kwamba anawaza kujifunza ile programu, na kwamba amelala vizuri. Sisemi kila mtu itamtokea hivyo, kuna watakaofanya zoezi hili wakakuta amani iko kwenye kubaki. Yeye aliyesema hajasikia kitu, alikuwa anasubiri sauti kutoka dirishani wakati moyo wake ulikuwa unaongea kila jioni.

Mama yake aliuliza swali moja tu, nani atampeleka kliniki ya sukari. Wakakaa na dada yake wakalipanga. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo, na mimi ndiye niliyejifanya mshauri.

Lakini hatukuishia kwenye hisia. Kadinali Joseph Cardijn aliwafundisha vijana wafanyakazi kuona, kuamua, kutenda, na kutenda maana yake ni kupiga simu. Alimwomba bosi wake iandikwe kwenye barua kwamba mali yote itahesabiwa kabla ya makabidhiano. Akajibiwa kwamba hiyo haina haja, "tunaaminiana." Alipiga Dar akauliza habari ya usafiri, kumbe kuna basi la wafanyakazi linalopita karibu na kule alikopata chumba. Ile 62,400 ikafutika. Hesabu ikageuka, na sasa hesabu na moyo vikawa vinaelekea upande mmoja.

Vinyago kwenye mfuko

Hapa Yakobo alikosea, na Biblia haimfichi. Alingoja Labani aende kukata manyoya ya kondoo, akatoroka. Labani akapata habari siku ya tatu, akamfukuzia siku saba mpaka Gileadi. Maneno mengi aliyosema Labani pale yalikuwa ya kujitetea, ila kwenye moja nampa haki: mbona hukuniaga?

Ukilipwa kwa mwezi, sheria ya kazi ya Tanzania Bara inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Usome. Siku hizo si za kukaa na simu ukisema "mimi naondoka bwana." Ni za kukabidhi. Na ukiondoka udai cheti chako cha utumishi, ni haki yako.

Kubwa zaidi, Raheli aliiba vinyago vya baba yake akavificha kwenye matandiko ya ngamia, akavikalia. Yakobo hakujua, akaapa mbele ya watu kwamba atakayekutwa navyo asiishi. Kidogo amponze mke anayempenda. Tunaondoka na vinyago vingi: orodha ya wateja kwenye flashi, bei za wauzaji, kompyuta "niliyosahau" kurudisha, nywila za mfumo. Kisha Jumapili tunapanga mstari wa Komunyo. Kama unavyo, virudishe kwanza, na ukaungame.

Safari ile iliishia kwenye rundo la mawe. Yakobo na Labani walikula pamoja pale mlimani, wakawekeana agano kwamba hakuna atakayelivuka rundo lile kwa mabaya. Asubuhi Labani akawabusu binti zake na wajukuu, akawabariki, akarudi kwao. Hawakuwa marafiki wakubwa. Waliachana bila deni.

Kijana wetu aliandika notisi yake tarehe moja. Ameomba mwenyewe, bila kulazimishwa, wahesabu ghala lote pamoja na atakayempokea, ili huyo asije akarithi upungufu wa mtu. Bosi alinuna siku mbili, ya tatu akaleta karatasi za kuhesabia. Juzi jioni walikuwa wamefika safu ya nondo. Anasafiri Jumatatu ijayo, tumwombee, na wewe mwenye karatasi mbili mkononi sali pamoja nasi:

Mtakatifu Yosefu, uliyeamka usiku ukamchukua Mtoto na mama yake ukaenda Misri, ukaanza tena kutafuta kazi ugenini, utuombee sisi tunaohama na sisi tunaobaki. Utuombee ujira unaotosha nyumba zetu, wakubwa wenye haki, na mikono isiyoondoka na cha mtu. Amina.